Kitambaa cha Rehema Mbele ya Taa

Kila mnapotaka kwenda kupiga picha, nyie vijana wa hapa Unyambwa, mnapitia kwangu na swali moja: "Bibi, tuvae nini?" Na mimi kila mara nawajibu kwa swali, mnanuna. Nauliza, hiyo picha ni ya nini, na nani ataitazama? Juzi mjukuu wangu anayehitimu chuo aliniambia, "Bibi, nimekuuliza habari ya gauni, wewe unanihoji kama polisi."

Labda kweli nahoji kama polisi. Lakini nimeshika nguo za watu ndani ya studio pale mjini Singida tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, mpaka magoti yalipokataa kusimama kutwa nzima, na sijawahi kumvalisha mtu kwa ajili ya picha asiwe na jambo moyoni. Wengine ni jambo zuri. Sisemi wote.

Niseme mapema kwamba mimi niliishia darasa la saba. Kuandika nimejizoesha mwenyewe, jioni baada ya kufungia kuku, na nikisoma nilichoandika jana mara nyingi nakikataa. Pia nina tabia ya kushuku watu. Najijua. Ndiyo maana nikishamshuku mtu hujilazimisha kumtafutia utetezi, hata kama mwenyewe hajaniomba. Mkisoma mkaona nimemwonea mtu, mnaweza kuwa sahihi kuliko mimi.

Kazi yangu haikuwa kupiga picha. Aliyepiga ni Mzee Jivan, mwenye studio, ambaye familia yake ya Kihindi ilikuwa na duka Singida kabla baba yangu hajazaliwa. Mimi nilikuwa mtu wa nguo. Zamani watu walikuja mjini kutoka vijijini na shati moja la kuvumilia vumbi la safari, wakataka picha ya heshima. Basi studio ilikuwa na makoti ya kuazima, tai, mitandio, na gauni moja jeupe lililopigiwa picha za maharusi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kuyatunza hayo, kuyafua, kuyanyoosha na kuwavisha watu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mjini waliniita Mama Makoti, na mpaka leo nikipita sokoni kuna mtu ataniita hivyo.

Makoti yenyewe yote yalikuwa makubwa. Mzee Jivan alisema koti kubwa unaweza kulipunguza, dogo huwezi kuliongeza. Tulilipunguza kwa vibanio vya kuanikia nguo, tunabana mgongoni mpaka kifua kinakaa sawa. Kwa mbele mtu anaonekana mkurugenzi. Kwa nyuma ni kamba ya kuanikia.

Siku moja alikuja bwana mmoja aliyetaka picha ya kumpelekea mchumba. Nilimbana vizuri, akajipenda mwenyewe mpaka akashindwa kutulia. Nilipogeuka kutafuta tai, akatoka nje kwenda kujitazama kwenye kioo cha duka la ng'ambo ya barabara. Soko zima likamwona mgongo. "Shemeji, rudi ndani, hujakauka bado!" akapiga kelele muuza vitunguu mmoja. Bwana yule alirudi amevimba, akasema nimemfanyia makusudi. Kwa haki, nilikuwa sijamwambia kama ana vibanio. Ila na yeye hakuaga.

Mzee Jivan ndiye aliyenifundisha kushuku, kama kushuku ni kitu cha kufundishwa. Hakushuku watu. Alishuku vitambaa. "Mama, usiamini kitambaa mpaka kimepigwa taa," alikuwa akiniambia. Kabla ya picha yoyote alikuwa anapiga taa mara moja bila kupiga picha, ule mwanga mkali unaomulika na kuzima, na kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni nitazame nguo, nisitazame sura. Sura kila mtu anaitazama, alisema. Enzi za filamu kosa la nguo ulilijua picha zikisharudi kutoka kusafishwa, na mwenyewe ameshaondoka kwenda kwao. Siku hizi unaliona hapo hapo kwenye kioo cha kamera, lakini nawaonya, kuliona mapema hakumzuii mtu kulikana.

Alikuja bwana afisa kutoka Nduguti, ameajiriwa karibuni, anataka picha ya kuweka ofisini. Shati lake lilikuwa na miraba midogo midogo, safi, limepigwa pasi mpaka linakata. Hamisi, kijana aliyechukua kamera baada ya Mzee Jivan kustaafu, alipopiga, shati likatoka linachemka. Mistari inacheza kama maji ya ugali. Afisa akasema kamera ni mbovu. Hamisi akasema shati ndilo bovu. Mimi nikaenda kuleta koti, nikalifunga vifungo mpaka juu, picha ikapigwa, kila mmoja akaondoka na imani yake. Basi na nyie mnaovaa miraba midogo, mkachague miraba mikubwa au rangi moja tupu. Nyeupe mbele ya ukuta mweupe inamfanya mtu awe kichwa kinachoelea. Kitambaa kinachong'aa kinaongeza kilo ambazo hamna. Na mkienda kupiga kule kwenye mawe karibu na Ziwa Singidani, vaeni kitu kizito chini. Upepo wa Singida hauna adabu, na mpiga picha hasemi mpaka amemaliza kucheka.

Kingine. Ukiona msichana anavaa gauni jipya halafu anabana kwapa kama ameficha yai, ujue lebo ya dukani bado imo, na gauni litarudishwa kesho kwamba halikumtosha. Nimewaona wengi. Sikumsema hata mmoja, kwa sababu inawezekana baadhi yao kweli halikuwatosha.

Haya yote ni madogo. Jambo linalonifanya niwaulize maswali kama polisi ni la sare ya familia ya Mzee Shabani, na hilo ni la mwaka wangu wa mwisho kazini, kwa hiyo wahusika bado wapo na mnaweza kuwasalimia. Majina nimeyabadilisha, na mengine nimeyapunguza ili nisimkosee mtu.

Mzee Shabani ana duka la vitambaa pale mjini. Ni watu wa biashara wa siku nyingi, mchanganyiko wa bara na pwani, Waislamu wazuri, watu wa salamu. Mwaka ule alikuwa anajiandaa kwenda Hija. Watoto wakaona ipigwe picha kubwa ya familia kabla hajaondoka, iwekwe kwenye fremu, itundikwe dukani juu ya kaunta ambako kila mteja ataiona. Wakaamua kuvaa sare. Kitenge kimoja cha zambarau chenye maua ya njano kikashushwa kutoka dukani mwao wenyewe, wanawake wakashona magauni marefu na mitandio, wanaume mashati, watoto vigauni. Mzee mwenyewe kanzu na koti lake.

Nyie mnaijua sare. Kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye sikukuu, mwenye sare ni wa humo. Asiye na sare amekuja kula.

Walifika asubuhi, wengi, wanacheka. Mke wa mzee tulimwita Mama Saumu, kwa jina la binti yake wa kwanza. Saumu naye alikuwepo, mtu mzima mwenye watoto wake, ndiye aliyekuwa akipanga watu kabla hata sisi hatujapanga. Alikuwepo mdogo wake Idi, na mke wa Idi, Rehema, binti wa Kinyiramba kutoka huko Mkalama, ameolewa tangu mavuno ya alizeti yaliyokuwa yamepita. Rehema aliingia wa mwisho. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema shikamoo mama, nikamwitikia, nikaona gauni lake limeshonwa vizuri kuliko yote. Mishono imenyooka, maua yamekutana kwenye mshono wa ubavu, kitu ambacho mafundi wengi hawajisumbui nacho. Hapo ndipo niliposhuku mara ya kwanza. Nilijiuliza, mgeni wa nyumba anajitahidi hivi kwa nini?

Hamisi akawapanga. Mzee na Mama Saumu kwenye viti, Saumu kati yao kwa nyuma, watoto chini, wengine pande mbili. Rehema mwisho kabisa kulia. Hamisi akapiga taa mara moja bila picha, kama tulivyofundishwa, nami nikatazama nguo.

Kwenye mwanga wa mlangoni wote walikuwa zambarau. Taa ilipowaka wote walibaki zambarau isipokuwa Rehema. Yeye aligeuka mwekundu, rangi ya juisi ya rozela.

Nilimwambia Hamisi apige tena. Akapiga, na safari hii akapiga na picha, akanionyesha. Haikuwa macho yangu. Maua yalikuwa yale yale, mpangilio ule ule, lakini kitambaa ni cha kiwanda kingine, kile kinachoigiza chenzake kwa bei ya chini. Kikiwa juani au dukani vinafanana. Mbele ya taa vinaachana.

Sasa fikirini kama nilivyofikiri mimi. Hawa ni watu wa vitambaa. Mama Saumu akikishika kitambaa gizani anakuambia kimetoka wapi. Watu kama hao hawachanganyi jora na jora. Kwa hiyo, nikasema moyoni, wamempa mkamwana kitambaa cha kuigiza makusudi, asimame pembeni, taa imfichue, na picha itundikwe dukani miaka yote, kila mjuzi wa nguo aone huyu si wa humu. Nilimtazama Mama Saumu. Hamisi alikuwa ameshamwonyesha kwenye kioo cha kamera, na alikuwa anamtazama Saumu. Saumu naye alikuwa anamtazama mama yake. Nikasema, haya, hawa wawili wanajuana.

"Huyu kavaa nini?" akauliza Mama Saumu.

Idi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hiyo si shida, mama," akasema Hamisi. "Nitaibadilisha rangi kwenye kompyuta, dakika moja tu, haitajulikana."

"Basi badilisha."

"Au asimame nyuma ya Idi," akasema Saumu. "Ni mwembamba. Uonekane uso tu inatosha."

Rehema alianza kusogea nyuma. Hakubishana, hakununa. Alisogea kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Na mimi, ambaye sikuajiriwa kusema chochote zaidi ya "inua kidevu", nikajikuta nimesema, "Akae katikati."

Wakanigeukia wote.

Sasa hili nililosema si huruma, naomba mlielewe. Ni kanuni ya kazi, ni ya Mzee Jivan. Nguo moja ikiwa tofauti na zote, ukiiweka pembeni inaonekana kosa. Ukiificha nyuma inaonekana kosa lililofichwa, na jicho la mtu litalitafuta. Ukiiweka katikati inaonekana ilikusudiwa. Bibi harusi anakaa wapi? Katikati. Ndiyo maana hamjawahi kumwona bibi harusi mkasema amekosea sare. Niliwaeleza hivyo, kwa maneno mabovu kuliko haya.

Mama Saumu akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe Mama Makoti, umepewa nini na huyu?"

"Sijapewa kitu, dada yangu."

"Mnafahamiana?"

"Nimemwona leo."

"Basi mbona unampeleka kwenye nafasi ya mwanangu?"

Na lazima niseme kweli, alikuwa na haki ya kuuliza. Katikati pale alikuwa amesimama Saumu, mtoto wa kwanza. Mtu wa nje anayeingilia nafasi za watu kwenye familia, hata mimi ningemshuku. Saumu akasema kwa kicheko kisicho na meno, "Mama, muache. Labda na yeye ni Mnyiramba." Mimi ni Mnyaturu, lakini sikuona faida ya kulisema wakati ule.

Aliyemaliza ni mzee. Alikuwa amekaa muda wote kimya kwenye kiti chake, macho yake hayaoni vizuri tena, na nadhani alikuwa hajaelewa zogo ni la nini. Akanyoosha mkono. "Rehema. Njoo hapa, binti."

Rehema akaja, akapiga goti mbele yake. Mzee akashika ncha ya mkono wa gauni, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaigeuza ndani nje, akaisugua tena.

"Hiki hakikutoka kwangu," akasema.

"Hapana, baba."

"Nani alikukatia hiki?"

"Hakuna, baba. Nilinunua."

"Umenunua? Mtoto wangu anunue kitenge kwa watu, na mimi nina duka?"

Rehema akainama. Ikabidi aseme, na alisema polepole, bila kumtazama mwingine yeyote. Kwamba aliona vitambaa vinagawiwa, akasubiri. Aliona wenzake wanaenda kwa fundi, akasubiri. Siku zikabaki chache hajaitwa, akaona akija bila sare atamwaibisha mume wake, na asipokuja kabisa itasemwa ameanza dharau. Akatafuta kitambaa kinachofanana kadiri alivyoweza, akampelekea fundi gauni la wifi yake lililokuwa kwenye kamba, aliige.

"Sasa kwa nini hukusema?" akauliza mzee.

"Sare mtu haombi, baba. Unapewa."

Mama Saumu akasimama. "Saumu! Si wewe ndiye ulikata?"

"Mimi nilikata, mama, lakini nilijua wake umempa wewe. Si anaishi kwako? Anapika jikoni kwako."

"Nilikupa jora zima ugawe!"

"Ulinipa, lakini hukuniambia na yeye."

"Kwani niliwataja wengine kwa majina?"

Mzee akageuka upande wa Idi. "Na wewe je? Mnalala chumba kimoja."

"Baba, mimi nilimwona ana kitambaa," akasema Idi. "Nikajua kapewa." Mmoja wa watoto akacheka, akakanyagwa.

Basi mnaona nilivyokuwa nimekosea. Nilishuku kwamba amepewa kitambaa kibaya, kumbe hakupewa kitu. Yale macho ya mama na binti niliyoyasoma kama ya wanaojuana, pengine yalikuwa yanaulizana, hivi hukumpa? Pengine. Nimelipima jambo hili mara nyingi na nikajaribu kuwatendea haki. Kwenye nyumba yenye watu wengi, kila mtu akidhani mwingine ametoa, mtu mmoja anaweza kupitwa na hakuna mwenye nia mbaya. Imetokea hata kwangu kwa sahani za pilau. Ila sahani ya pilau mtu anakaa mbele yako mikono mitupu unamwona. Rehema alikaa nyumba moja na watu hawa, siku zote za ushonaji, na hakuna aliyemuuliza, fundi wako amemaliza? Na mimi ndipo ninapokwama. Siwezi kusema walimsahau, siwezi kusema walimkumbuka. Nyie mna elimu kuliko mimi, amueni.

Mama Saumu akataka mtu akimbie dukani. Saumu akasema jora limekwisha, alichobakiza ni vipande vya kutosha kitambaa cha kichwa. Mama Saumu akasema basi tuahirishe. Mzee akasema safari yake haiahirishwi kwa sababu ya gauni.

"Rehema atakaa hapa," akasema, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyokuwa kati ya kiti chake na cha mkewe. "Kijana, leta kigoda."

Kigoda kililetwa na mimi mwenyewe, maana nilitaka kuona Mama Saumu atafanyaje. Alisogeza kiti chake. Alisogeza kidogo sana, mpaka nikalazimika kumwomba asogeze tena, akasogeza. Saumu alibaki nyuma ya kigoda, na uso wake mpaka leo kwenye ile picha unaonekana kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Nilimnyoosha Rehema mtandio, nikamwambia mikono aweke magotini, vidole visishikane.

Hamisi, ambaye ni kijana mzuri lakini anapenda kumaliza kazi mapema, akauliza, "Sasa hiyo rangi niirekebishe nikienda kwenye kompyuta, au?"

"Rekebisha," akasema Mama Saumu.

Mzee akasema, "Muulize mwenye nguo."

Nilidhani atasema rekebisha. Ningekuwa mimi ningesema hivyo, nikarudi nyumbani nimefanana na wenzangu, jambo likaisha. Rehema alilaza mkunjo wa gauni lake magotini, na Hamisi akarudia swali.

"Iacheni kama ilivyo," akasema. "Nimeitafuta kwa shida."

Picha ikapigwa. Kwa upande wa kazi, ni moja ya picha nzuri nilizowahi kusimamia. Zambarau kulia na kushoto, na katikati ile rangi ya rozela kama moto umewekwa jikoni. Mtu asiyejua atasema walipanga. Kanuni ya Mzee Jivan haikuniangusha, ingawa sijui kama yeye angeitumia kwenye zogo la mkwe na wifi. Alikuwa mtu mwenye busara, angejifanya anasafisha kamera.

Sasa nyie mnaokuja kwangu na swali la mvae nini, mnaelewa kwa nini siwajibu haraka. Rangi nitawaambia, kitambaa nitawaambia, na upepo wa Singidani nimeshawaambia. Lakini mkija kundi mmevaa sare, nitasimama mlangoni na kumtazama kila mmoja, nitamuuliza yake ameipata kwa nani. Na nyie mnaopanga hizo sare kwenye makundi yenu ya simu, mtu mmoja asiachiwe kugawa peke yake bila mwingine kuhakiki. Sisemi kwa sababu nawashuku. Nawashuku, lakini si kwa sababu hiyo.

Nilistaafu baada ya mavuno. Siku moja nikahitaji kitambaa cha pazia, nikasema niende kwa Mzee Shabani, ingawa yapo maduka ya karibu zaidi na kituo cha magari ya huku Unyambwa. Nakiri nilitaka kuona. Nilijua wanaweza kuwa wameitundika mahali penye giza, au wameirudisha kwa Hamisi kwa siri abadilishe rangi. Hamisi aliniapia kwamba hawakumrudia, lakini Hamisi ana marafiki wenye kompyuta mjini kote.

Ilikuwa palepale walipoahidi, juu ya kaunta, fremu kubwa ya dhahabu, na rangi ilikuwa ya rozela. Mama Saumu alikuwa amekaa chini yake kwenye kiti chake. Tukaamkiana vizuri, akaniuliza hali ya magoti, akaagiza niletewe soda. Kuhusu picha sikusema, na yeye hakusema. Rehema alikuwa kwenye kaunta upande wa pili na mita ya mbao mkononi.

Akaingia mama mmoja mteja, mtu wa kushona, nilimjua kwa sindano alizochomeka kwenye kola. Wakati Rehema anampimia, yule mama akainua macho ukutani, akakodoa, akasogea karibu kama watu wa nguo wanavyosogea.

"Mama Saumu, huyu wa katikati mbona kitambaa chake kama kingine?"

Mama Saumu hakusita hata kidogo. Nadhani ameulizwa mara nyingi. "Huyo ni mkwe wangu," akasema. "Cha kwake alichagua mwenyewe."

Nikashika soda yangu bila kunywa. Nililigeuza lile jibu huku na huku nitafute uongo ndani yake, na kwa haki sikuupata.

Rehema alikuwa ameshika ncha ya kitambaa, anahesabu mita kwa midomo, hakuinua macho.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nilizunguka soko zima."